Nguvu-farasi na Kani ya Kuzungusha

Katika maelezo ya injini, neno "nguvu" limebebeshwa maana mbili zisizolingana. Ya kwanza ni kiasi cha kazi ifanywayo katika muda fulani. Hii ndiyo ipimwayo kwa nguvu-farasi, kipimo alichokiweka James Watt katika karne ya 18: kuinua uzito wa pauni 33,000 kwa futi 1 katika dakika 1, yaani wati 746 hivi. Ya pili ni msukumo wa kuzungusha mhimili, ambao hupimwa kwa nyutoni-mita. Mfasiri aziitaye zote mbili "nguvu" humwachia msomaji fumbo.

Tuchukue mfano wa malori yaupandayo mlima Sekenke, katika barabara ya Singida kwenda Nzega. Dereva afikapo kwenye mwinuko huingiza gia ya chini, nasi husema gari limeongezewa nguvu. Je, ni kweli? Gia haiongezi kazi itokayo katika injini. Hupunguza mizunguko ya magurudumu, na kwa kadiri hiyo huzidisha msukumo wa kuyazungusha. Kauli yetu, basi, ni kweli kwa maana moja na si kweli kwa nyingine.

Nguvu ni msukumo huo ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Injini itoayo nyutoni-mita 1,000 kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, na ile itoayo nyutoni-mita 500 kwa mizunguko 2,400, zote zina nguvu-farasi 168 hivi. Lakini ziendeshazo si sawa. Afisa anunuaye injini ya kukamulia alizeti atayajuaje hayo, ikiwa hati aliyotafsiriwa ina neno moja tu?

Wako watakaomlaumu farasi, wakitaka ng'ombe au punda, ambao Singida inawajua zaidi. Hatukubaliani nao. Farasi hapa ni jina la kipimo tu, wala hampotoshi mtu. Kasoro imo katika "nguvu".

Twapendekeza "nguvu" ibaki kwa maana ya kwanza. Kwa ya pili, kwa kuwa vitabu vya sayansi vimekwisha kuzoea "kani" kwa kusukuma na kuvuta, na isemwe "kani ya kuzungusha". Ni istilahi ndefu kidogo, lakini mwanafunzi, fundi na karani wataielewa pasipo kufungua kamusi.