Picha Isiyo na "Eti": Pride and Prejudice kutoka Riwaya hadi Katuni

Riwaya ya mapenzi ya Jane Austen, Pride and Prejudice (1813), ina sura 61. Mwaka 2009 kampuni ya Marvel iliitoa upya katika matoleo matano ya katuni, maandishi yakiwa ya Nancy Butler na michoro ya Hugo Petrus. Ufupisho haukuepukika, na uhakiki unaoishia kuorodhesha matukio yaliyoachwa hausemi mengi. Swali zito zaidi ni kama picha inaweza kumpotosha msomaji kwa namna ambayo nathari humpotosha.

Mapenzi ya Elizabeth na Darcy yamejengwa juu ya hukumu potofu. Katika sura ya 16, Wickham anamsimulia Elizabeth jinsi Darcy alivyomdhulumu. Msimulizi hatoi tahadhari. Msomaji humwamini Wickham kwa kuwa Elizabeth anamwamini. Barua ya Darcy katika sura ya 35 inayapindua hayo yote, na katika sura ya 36 Elizabeth anaisoma na kuirudia. Hapo hakuna tukio jipya linalotendeka. Kinachobadilika ni maana ya yale yaliyokwisha kutendeka.

Kiswahili kina viashiria vya hali hizo mbili. "Eti" humwonya msikilizaji kuwa habari ni ya kuambiwa. "Kumbe" hutangaza kwamba aliyedhani amezinduka. Austen anaificha "eti" ya sura ya 16 ili "kumbe" ya sura ya 36 ipate uzito. Picha haina kiashiria cha namna hiyo: mchoro wa uongo na mchoro wa kweli hutumia wino uleule. Msanii akiuchora mkasa wa Wickham, anautolea ushahidi. Akiuacha katika viputo vya maneno, macho ya msomaji hubaki usoni pa msemaji, na uso huo hauna budi kuchorwa ama wa kuaminika ama wa kutiliwa shaka. Butler amehifadhi sehemu kubwa ya mazungumzo ya Austen, na hilo limeinusuru kejeli ya wahusika. Kejeli ya msimulizi, isiyo na mdomo wa kuitamka, ndiyo iliyopungua.

Katuni ina faida zake. Katika kumbi za dansi, umbali wa kitabaka huonekana kwa mtazamo mmoja: nani amesimama na nani, nani hakualikwa kucheza. Aidha, si kila kisa hudhurika kikichorwa. Abunuwasi ya Gado (1996) inatokana na hekaya ambazo msomaji ni mshirika wa hila tangu inapotegwa. Hapo picha haihitaji kuficha kitu. Riwaya ya hukumu potofu humtaka msomaji awe miongoni mwa waliodanganyika.

Mchoraji wa Singida atakayeuhamishia mkasa huu kwao anaweza kuweka Ziwa Singidani, majabali ya mjini na mashamba ya alizeti, na kuweka mahari ya ng'ombe mahali pa urithi wa Longbourn. Mandhari hiyo itaufanya mkasa uwe wa nyumbani, lakini haitalimaliza tatizo la "eti". Huenda dawa ni kukirudia kisanduku kilekile cha picha baada ya barua, bila kubadilisha mstari hata mmoja, ili msomaji atamke "kumbe" yeye mwenyewe.