Spika Zisizoonekana: Namna ya Kumkagua Fundi wa Muziki Kwenye Gari la Zamani

Kabla hujawasha redio, hesabu matundu. Fungua milango yote, inua siti, piga magoti uchungulie chini ya dashibodi, uone ni matundu mangapi ambayo kiwanda hakikuyatoboa. Spika utabadilisha, amplifaya utauza, nyaya utazing'oa. Tundu la inchi sita na nusu kwenye mlango wa Land Rover ya mwaka 1965 litakuwepo hadi gari lirithiwe na wajukuu. Kwa hiyo fundi wa muziki wa gari la zamani mimi namkagua kwa macho na vidole kwanza, masikio baadaye.

Magari yenyewe mkazi wa Mtendeni, hapa Tabora, hahitaji kuelezwa. Kuna Land Rover 109 zilizobeba maofisa, mapadri na marobota ya tumbaku ya Urambo na Sikonge. Kuna Peugeot 504, ile isiyoogopa makorongo. Kuna Volkswagen Beetle ya mwalimu mstaafu, inayotolewa siku za ibada na za harusi tu. Zamani tuliziita mikweche bila kuona haya. Tangu Land Rover zikusanyike Arusha kwa mamia Oktoba 2024, lugha imeanza kubadilika, na mnunuzi wa siku hizi anauliza kama dashibodi ni ya kiwandani. Mwenye gari lililochanwachanwa kwa ajili ya spika hapo hana la kujibu.

Sasa, unataka kusikia nini humo ndani? Hilo lijulikane kabla bei haijatajwa. Ukiwa mtu wa Tabora, pengine unataka Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bendi za mji huu huu. Rekodi za enzi hizo, zikiwemo zile za Radio Tanzania Dar es Salaam, nyingi ni za mono, na utamu wake umo kwenye magitaa, saksafoni na sauti za waimbaji. Besi la kutikisa vioo halimo kwenye kanda. Ukilisikia, ujue limeongezwa na mashine. Spika nzuri ya inchi nne au tano inazibeba nyimbo hizo zote bila kuhema. Fundi anayeanza kwa kukuonyesha sabufa ya inchi kumi na mbili kabla hajauliza unasikiliza nini, mshukuru, umuage.

Land Rover ndiyo mtihani mgumu, nami nitakaa hapo kidogo. Bodi yake ni aluminiamu, lakini ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva ni chuma, na ndio wa kwanza kuliwa na kutu. Tundu jipya pale ni kuikaribisha. Kwenye aluminiamu balaa ni jingine: skrubu ya chuma ikikaa kwenye aluminiamu ikapata unyevu, baada ya muda utaona unga mweupe umezunguka kichwa chake. Ukiuona kwenye kazi ya mwaka jana, fundi aliikaza kavukavu, bila washa ya plastiki wala tone la rangi. Milango nayo inamshawishi fundi mvivu. Vioo vya Land Rover hizi za zamani vinateleza kwa upande, havishuki, basi yeye huona tumbo la mlango kama uwazi wa bure. Bati lake ni jembamba, linanguruma pamoja na spika, na mvua zikianza, maji yanaingia humo kila siku.

Mahali pazuri pa kufichia ni chini ya kile kishubaka kirefu kilicho chini ya dashibodi. Kisanduku chembamba kinaning'inizwa kwa bolti zile zile zinazoshika kishubaka, spika zikitazama nyuma na juu kidogo, kuelekea kifua cha dereva. Fundi anayeijua kazi utamtambua kwa jibu lake. Muulize: "Fundi, utatoboa wapi?" Mmoja atakwambia, "Usijali mzee, kidogo tu, hata hutaona." Mwingine atakwambia, "Shikamoo mzee. Sitoboi. Natafuta bolti ndefu kidogo kuliko hizi, nyuzi ziwe zile zile, na hizi za zamani nakurudishia kwenye kopo." Gari mkabidhi huyu wa pili.

Kisanduku hicho kina kasoro moja, nayo ni magoti. Kaa kwenye siti ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku, kanyaga klachi hadi chini, ingiza gia zote. Goti likigusa mbao, kazi irudiwe, hata kama sauti ni tamu namna gani. Kwa gari lenye kabini ya mbele peke yake, ukuta wa nyuma ya siti unafaa zaidi, kwa kuwa spika inakaa karibu na masikio. Land Rover ikifika kilomita 80 kwa saa, gia, matairi na upepo vinameza kila kitu, na spika ndogo iliyo karibu na sikio inaishinda kubwa iliyo miguuni. Wengi huongeza nguvu mahali ambapo wangepaswa kupunguza umbali.

Paa lenye mabati mawili, lile la kupunguzia jua, liacheni jamani. Uwazi wa katikati ni wa hewa kupita, na waya uliofichwa humo unachemka mchana na kulowa usiku. Na chini ya siti kuwe na tahadhari, maana kwenye Land Rover nyingi tangi la petroli limelala hapo hapo. Nikikuta amplifaya imefungwa juu ya tangi, sihitaji kukagua kingine.

Peugeot 504 ina vioo vinavyoshuka, kwa hiyo kama fundi ametumia mlango, shusha kioo mpaka mwisho huku umeweka kiganja kwenye paneli. Ukisikia kioo kinakwaruza au kinasita, sumaku ya spika imekiziba njia. Beetle ni rahisi kuikagua kuliko zote. Nyingi za miaka ya 1960 zina dirisha dogo la spika kwenye dashibodi, pembeni ya spidomita, na mtu mwenye busara hatafuti kwingine: anaweka hapo spika moja yenye koili mbili, ili kulia na kushoto vyote vitoke tundu moja la kiwandani. Kisha fungua buti ya mbele. Mgongo wa dashibodi unaonekana kutokea huko, na kazi yote iko uchi mbele yako: nyaya zimebanwa au zinaning'inia, viungio vimelehemiwa au vimesokotwa kwa vidole na kufungwa solatepu. Solatepu kwenye joto letu gundi yake inayeyuka na kuachia. Kiungio kilicholehemiwa na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa moto kinabaki kama kilivyo.

Umeme ndipo magari mengi ya zamani yanapouawa. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zina athi ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Redio na amplifaya za leo zinataka hasi kwenye bodi. Kifaa cha leo kikifungwa kwenye gari kama hilo bila kutengwa na bodi, kinaungua, au waya unaungua, au vyote. Fundi aliyefungua boneti na kutazama betri kabla ya kufungua sanduku la spika ameshakuonyesha usomi wake. Beetle nyingi za zamani, kwa upande wake, ni za volti 6, na mwenye nayo anahitaji kigeuzi cha kuipandisha hadi 12, au betri ndogo ya pembeni inayochajiwa nyumbani. Kubadilisha umeme wa gari zima kwa ajili ya muziki naona ni kuchinja ng'ombe kwa hamu ya figo.

Halafu kuna dainamo. Ile ya Lucas iliyokuwa ikifungwa kwenye Land Rover kabla ya altaneta ilitoa ampia 22 ikiwa nzima, tena injini ikiwa inazunguka vizuri. Injini ikiunguruma tu bila mwendo, haitoi kitu cha maana. Taa kubwa mbili peke yake zinakula ampia saba au nane. Kwa hiyo kagua hivi: jioni, gari limesimama, injini iko chini, taa zimewaka, wipa zinafanya kazi, muziki kwa sauti unayoipenda. Taa zikififia kila ngoma inapopigwa, amplifaya ni kubwa kuliko gari. Amplifaya ndogo za kisasa, zinazotosha kiganjani na kupokea muziki wa simu kwa Bluetooth, zinakula umeme kidogo na zinafichika nyuma ya kishubaka, huku redio ya zamani ikiachwa mahali pake kwa ajili ya macho.

Fyuzi itafute karibu na betri. Kutoka kichwa cha betri hadi fyuzi isizidi dhiraa moja. Ikiwa iko mbali, kipande chote cha kabla yake hakina mlinzi. Waya unapopita kwenye bati lazima uvikwe raba. Uguse kwa kidole uone kama ukingo wa bati unauma. Pandisha mwendo wa injini huku muziki ukiwa chini: mluzi unaopanda pamoja na mwendo unatoka kwenye chaji, na tiki-tiki zinazokimbia pamoja na injini zinatoka kwenye koili na plagi. Fundi mzuri amepitisha waya wa betri upande mmoja wa gari na waya wa sauti upande mwingine, na athi yake ameifunga kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi kung'aa.

Kwa mbao, sisi wa Unyamwezi hatuna udhuru. Mninga unatoka kwenye miyombo yetu, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka haujikunji ovyo, sifa ambayo kisanduku kinachochomwa na jua Oktoba kinaihitaji kuliko urembo. Uso wa kisanduku uwe wa mninga au plaiwudi nzito. Zile mbao za unga ulioshindiliwa zinafura kwa unyevu wa kwanza. Gonga kwa kifundo cha kidole, kikijibu kwa mlio mfupi uliokufa, ni kizuri. Viungo visiwe na mwanya, maana hewa ya nyuma ya spika ikikutana na ya mbele, besi inapotea. Niliwahi kuona viungo vilivyozibwa kwa nta ya nyuki, na asali yetu ikiwa maarufu kiasi hiki naelewa fundi alikotolea wazo. Ila nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kupita 70. Ilichuruzika hadi kwenye kapeti.

Kitambaa cha kufunikia kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kulazimisha, sauti nayo itapita; mahameli nzito inaua gitaa lote la juu. Rangi iwe ya kufanana na ndani ya gari. Nimeona kazi moja iliyofunikwa kaniki, nguo ile ile iliyofika Unyanyembe mabegani mwa wapagazi, na kusema kweli ilikaa vizuri kuliko vitambaa vya dukani: nyeusi isiyong'aa, jicho linaipita bila kusimama. Ukingo wa spika yenyewe uwe wa raba. Ule wa sponji unalika na joto. Koni ya plastiki inastahimili vumbi letu jekundu na unyevu kuliko ya karatasi, ingawa ya karatasi, ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri, kwa masikio yangu inaimba vizuri zaidi.

Kuhusu chapa sina mengi. Spika ya wastani iliyofungwa vizuri inaishinda ya bei mbaya iliyofungwa vibaya, na bandia zimejaa kiasi kwamba jina kwenye boksi halithibitishi kitu.

Sasa sikiliza. Chagua wimbo wa mono wenye mwimbaji mmoja, kisha mwambie fundi ageuze nyaya za spika moja tu, chanya iende hasi. Besi ikipungua, alikuwa amefunga sawa, azirudishe. Ikiongezeka, spika mbili zilikuwa zinavutana, moja inasukuma hewa na nyingine inanyonya, na hakujua. Aliye makini alishapima kabla kwa betri ndogo ya tochi ya volti moja na nusu: unagusisha nyaya, koni ikiruka nje, chanya iko mahali pake. Ni dakika mbili, na wengi hawazitumii. Baada ya hapo funga milango na vioo, kaa siti ya abiria, kisha ya dereva, kisha nyuma. Neno la mwimbaji lisikike wazi kote, na mtu aliyesimama nje hatua kumi asijue wimbo gani unapigwa.

Usilipe zote siku hiyo. Bakiza kiasi, endesha wiki mbili tatu kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, ndipo urudi fundi akaze bolti zote tena, kwa sababu Land Rover inalegeza kila kitu. Siku hiyo ya pili ndiyo ya kudai vitu vitatu: kopo lenye bolti na vifuniko vya zamani, mabaki ya waya aliyotumia ili siku ya kuunga upate wa aina ile ile, na karatasi yenye mchoro wa nyaya, rangi zake na mahali fyuzi ilipo. Karatasi hiyo iweke kwenye bahasha ya kadi ya gari. Akisema mchoro uko kichwani, msubiri auchore hapo hapo, kisha mmalizie pesa yake.