Haidrojeni kwa Kyavinyonge: hesabu iko sawa, swali njo mbaya

Bandugu na badada wa promosheni, nimemaliza kusoma ile memware inayozunguka kwa simu zetu: mfumo mseto wa pano za jua, jenereta na akiba ya haidrojeni kwa wavuvi wa Kyavinyonge. Imeandikwa vizuri. Mwandishi ametumia HOMER, programu iliyozaliwa Marekani kwenye maabara ya NREL, inayojaribu mamia ya mipango na kukuchagulia wenye bei ndogo. Mimi ni wa agronomia, si injeniere. Mtaniambia nirudie mihogo yangu. Lakini samaki ni mambo yetu pia.

Kilo 1 ya haidrojeni inakula kama kWh 50 mpaka 55 ili kuitoa ndani ya maji. Ukiirudisha kuwa umeme usiku, unapata kama 17. Theluthi tu! Batri ya lithiamu inarudisha karibu 90 kwa 100. Haidrojeni inafaa pale unapotaka kuweka jua la miezi mingine, sawa Ulaya na baridi yao, ama pale mawingu yanakaa siku nyingi na mafuta hayafiki. Mafate, kisiwani Réunion, hakuna barabara. Waliiweka mwaka 2017, na sababu inaeleweka. Kyavinyonge iko karibu na ikweta. Mchana ni saa 12 mwaka muzima, na kule chini kando ya Ziwa Edward mvua ni kidogo kuliko huku Butembo. Sasa tunawekea miezi gani akiba?

Kinachoniuma zaidi ni ukurasa wa matumizi ya umeme. Iko balbu, iko televizio, iko simu za kuchaji. Samaki hana hata mstari moja! Kijiji cha wavuvi, eh. Wavuvi wanatega usiku, pirogi zinarudi asubuhi, na kuanzia pale ni mbio na joto. Samaki asiyeuzwa anatiwa chumvi ama anakaushwa kwa moshi, na moshi unataka kuni, na kuni za pale ni za Parki ya Virunga. Mama anayepandisha samaki Butembo anauza kwa bei ya kuogopa kuoza.

Kugandisha tani 1 ya maji, kwa mashine ya kawaida, ni kama kWh 60. Yaani umeme wa kilo 1 ya haidrojeni unakaribia kukupa tani nzima ya barafu. Uupitishe kwanza kwa haidrojeni, unabaki na robo tani hivi. Barafu inatengenezwa mchana jua likiwa kali, inalala ndani ya sanduku lenye kuta nene, inangojea pirogi. Lile sanduku njo akiba, na fundi wa kulitengeneza yuko hapa hapa.

Tena memware hailinganishi hata kidogo na umeme wa maji, wakati Mutwanga wanautumia tangu 2013. Ile naipita.

Mwandishi, kama uko kwa huu ukurasa: ongeza barafu tani 2 kwa siku, itengenezwe kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, toa haidrojeni, endesha HOMER tena. Halafu ututumie jedwali lote. Mega nitalipa mimi.