Uzi Uliofumuliwa

Mgeni akivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani huoneshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, akapiga picha, akarudi. Vigae vya vyungu huvikanyaga tu. Humo mna vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilivikwa kwenye kijiti ili kipate uzito, kizunguke, pamba isokotwe iwe uzi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba pale, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alivikuta kwa wingi. Nguo zenyewe zimeoza. Joto na chumvi ya pwani havina huruma na hariri.

Tukiisifu Kilwa twataja dhahabu na mawe. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alitaja pia mavazi ya watu wake: pamba, hariri, nguo za dhahabu. Nyingi zililetwa na vyombo vya Cambay, India, sikatai. Lakini linalonikaa moyoni ni lile alilolisimulia kuhusu Sofala, bandari iliyokuwa chini ya Kilwa zamani. Wafumaji wa huko walikuwa na pamba yao nyeupe, ila hawakuwa na namna ya kuitia rangi. Basi walichukua nguo za buluu za Cambay, wakazifumua, wakazifuma upya pamoja na uzi wao.

Hebu fikiri. Nguo nzima, mpya, imelipiwa dhahabu, na mtu ameiweka mapajani anaitafuta ncha. Akivuta kwa pupa, uzi unakatika. Akilegea, unajisokota, haufai tena kwa mtande wala mshindio. Kabla hajaketi kwenye kitanda cha mfumi, ameshaipitia kazi ya fundi wa ng'ambo kinyumenyume, mstari kwa mstari, na anaijua kuliko yeyote aliyewahi kuivaa. Kisiwani Pate nako mafundi wa hariri walisifika, hata Wareno wakazitafuta nguo zao.

Mapigo nayo yalikuja: mwaka 1505 jemadari Mreno d'Almeida aliupora mji wa Kilwa. Karne ya 19 ikaja merikani, nguo ya mashine, rahisi kuliko subira ya mtu.

Sisi tunapokea tu: kikoi cha kiwandani, marobota ya mitumba, chochote kilichoshushwa. Bwana harusi wa Lindi huazima joho lenye zari ya mashine na kulirudisha harusi ikiisha, bila hata kuligeuza ndani aone nyuzi zinavyopita. Bibi zetu walikuwa wakiipapasa nguo kwanza, bei baadaye. Sisi twauliza bei, na tukiulizwa imefumwaje, twatafuta lebo.