Bi Kidude Baina ya Wimbo na Hekaya

Msanii anapofariki huacha kazi aliyoifanya na habari zinazosimuliwa juu yake. Kazi huhitaji kusikilizwa kwa utulivu na kurudiwa. Habari hutosheka na dakika chache za barazani. Kwa hiyo si ajabu habari zikaenea upesi kuliko kazi. Lililo baya ni pale habari zinapoketi mahali pa kazi, hata tukadhani kwamba tunamjua msanii kwa sababu tu tunajua vituko vyake. Katika makala haya twakusudia kulichunguza jambo hilo kwa mfano wa Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na wote kwa jina la Bi Kidude, na twalichunguza kutoka Pemba.

Yeye alikuwa mtu wa Unguja, na baina ya visiwa vyetu viwili pana bahari ya kilometa 50 hivi. Kwa wengi wetu upande huu, Bi Kidude alikuwa sauti ya redioni kabla ya kuwa sura. Hata hivyo, siku hizi jina lake likitajwa barazani Chake Chake au Wete, mazungumzo aghalabu huanza kwa kicheko: sigara yake, mizaha yake mbele ya wakubwa, umri wake usiojulikana. Tukiuliza kuhusu nyimbo zake, hutajwa “Muhogo wa Jang'ombe”, kisha pakawa kimya. Sisi tuliomjua kwanza kwa masikio nasi tumeanza kumkumbuka kwa macho. Hapo ndipo penye hasara tunayotaka kuizungumza.

Kwanza tuyaeleze maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, akiwa mtoto wa mchuuzi wa nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Wengi hukisia muongo wa 1910. Alipoulizwa umri alikuwa akijibu kwamba ni sawa na ulimi wake na wazidi kidogo meno yake, na jibu hilo ndilo lililotoa jina la filamu ya Andy Jones iliyotolewa mwaka 2006. Nyimbo za taarabu alizipata kwa kumsikiliza Siti binti Saad. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliikimbia ndoa aliyolazimishwa akiwa bado msichana, akatembea huku na huko katika Tanganyika, mara nyingi kwa miguu, na hatimaye akarejea Unguja. Huko alipiga ngoma ya unyago, akawafunda wari, akapaka hina maharusi na akatoa dawa za miti shamba. Katika miaka ya 1980 alisafiri nchi za nje pamoja na kikundi cha Twinkling Stars. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake.

Maisha ya namna hiyo huwavuta wasimulizi. Mwanamke wa Kiislamu wa Visiwani, mkongwe, avutaye sigara na kunywa bia hadharani, apigaye ngoma akiwa ameipakata baina ya miguu yake: mwandishi wa gazeti angetaka nini zaidi? Basi wageni wakaandika kioja, nasi wenyeji tukakipokea kioja hicho kutoka kwa wageni kana kwamba ni habari mpya kwetu. Wengine miongoni mwetu walichukizwa, wengine wakajivunia. Lakini aliyechukizwa na aliyejivunia wote wawili walikuwa wakitazama sigara ile ile. Ni wachache waliouliza mwimbaji huyu aliimba nini, na kwa nini aliimba vile.

Ili kuliona jambo hili vizuri zaidi, hatuna budi kumtazama mwalimu wake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, na kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri, nazo zikaenea pwani nzima. Yeye alibahatika kuandikiwa maisha yake na Shaaban Robert katika “Wasifu wa Siti binti Saad”, kitabu ambacho vijana wengi wamekutana nacho shuleni. Lakini Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa adili kwanza, na katika mikono yake Siti amekuwa kielelezo cha subira, unyenyekevu na ukarimu. Sifa hizo hatuzikanushi. Twasema tu kwamba msomaji akifunga kitabu hicho hubaki na mwanamke mwema zaidi kuliko kubaki na mwimbaji mkali.

Na Siti alikuwa mkali. Uchunguzi wa Laura Fair, uliochapishwa mwaka 2001, umeonyesha jinsi nyimbo zake zilivyobeba mambo ya mitaani na ya mahakamani, katika Zanzibar ambayo utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897 tu. Wimbo wa “Kijiti” wasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam; mtuhumiwa akavuka bahari kukimbilia bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliojikuta wakijibu mbele ya hakimu. Huo si wimbo wa mtu mnyenyekevu tu. Ni hukumu iliyotolewa na watu dhidi ya hukumu ya mahakama ya kikoloni.

Basi tuna wanawake wawili na makosa mawili. Siti tumemsafisha mpaka ukali wake ukafifia. Bi Kidude tumemfanya kioja mpaka maana ya nyimbo zake ikapotea. Makosa haya yaonekana kuwa kinyume, lakini mzizi wao ni mmoja: katika hali zote mbili tabia ya mwimbaji nje ya jukwaa imepewa kiti, na wimbo umeachwa umesimama mlangoni.

Sasa tuusikilize wimbo wenyewe. Bi Kidude aliimba “Kijiti”, na aliimba “Muhogo wa Jang'ombe” ambao nao ni wa Siti. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba hakuwa mtunzi bali mrithi, na kwamba sifa zake zimezidi kipimo. Hoja hii ina ukweli, tena inafaa kutajwa, kwa sababu katika nchi za nje nyimbo za Siti zimepata kusikika kama kwamba hazina mwenyewe ila Bi Kidude. Haki ya mtunzi ni lazima ilindwe hata pale mwimbaji anapopendwa. Lakini kurithi si kunakili. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa nzito, kavu, yenye mkwaruzo, na yenye nguvu iliyoweza kujaza uwanja bila kipaza sauti. Hakuremba. Taarabu ya ukumbini, iliyokaa juu ya udi na fidla, yeye aliiimba kwa koo lililozoea kushindana na ngoma. Wimbo wa fumbo ukawa kama kemeo la bibi kwa mjukuu. Msikilizaji anayelinganisha santuri za Siti na rikodi za Bi Kidude atagundua kwamba maneno yanayokaribiana yanatoka katika vyumba viwili: kimoja ni sebule, na cha pili ni ua wa wanawake.

Ua huo ni unyago. Ngoma hii ililetwa Visiwani na watu wa bara, wengi wao wakiwa wameletwa kwa nguvu, na ni chuo ambamo mwari hufundwa juu ya mwili wake, ndoa na machungu ya ndoa. Bi Kidude aliipandisha ngoma ya unyago jukwaani. Je, alifanya vema? Wapo wazee walioona kwamba siri ya wanawake imeanikwa. Twaona kwamba lawama hiyo haikumwelekea anayestahili. Ngoma ilisikika, lakini mafunzo hayakufika, kwani watazamaji waliletewa mapigo bila kuelezwa kwamba anayepiga ni mwalimu na kwamba hayo ni masomo. Siri ilibaki salama. Kilichopotea ni heshima ya ualimu wake. Hapa waandaaji wa maonyesho, na sisi waandishi wa utamaduni, ndio tunaopaswa kujilaumu.

Msomaji ataweza kutuuliza: je, mwasema tabia ya msanii isitajwe? La hasha. Twasema itajwe pale inapoufungua wimbo. Kwamba Bi Kidude alijipatia riziki kwa mikono yake mwenyewe, kwa ngoma, hina na dawa, ni habari inayotusaidia: sauti ile isiyobembeleza ilikuwa sauti ya mwanamke aliyekuwa hamtegemei mtu. Kwamba aliikimbia ndoa na baadaye akawa ndiye anayewafunda wari juu ya ndoa, ni habari nzito zaidi, nayo yatufanya tuyasikilize upya maonyo yaliyomo katika nyimbo zake. Lakini sigara haifungui chochote. Ni habari ya kweli, nayo haina kazi. Mhakiki hana budi kujua kutofautisha habari ya kweli na habari yenye kazi.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wa Pemba? Kwa sababu nasi tuna mfano wetu, na mfano huo watupa matumaini na hofu kwa pamoja. Ali bin Said bin Rashid Jahadhmi, maarufu Kamange, na mwenzake Sarahani bin Matwar walikuwa malenga wakubwa wa kisiwa hiki katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kamange naye ni mtu wa kusimuliwa, hasa kwa ajili ya mashairi yake ya mapenzi, na angaliweza kubaki hekaya ya barazani tu. Kilichomwokoa ni watu walioyahifadhi maneno yenyewe. Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy waliyakusanya mashairi hayo, na mwaka 2011 yakatoka katika kitabu “Kale ya Washairi wa Pemba”, kikihaririwa na Abdilatif Abdalla. Leo anayetaka kubishana juu ya Kamange anaweza kufungua ukurasa na kubishana na shairi.

Hofu yetu ni kwa wale wasiokuwa na kitabu wala santuri. Nyimbo za mchezo wa ng'ombe, kama unavyochezwa Chwale na Kengeja, nyimbo za harusini na zile za msimu wa karafuu zina watungaji na waimbaji wake, na wengi wao ni wanawake. Wanapofariki, majirani hukumbuka kwamba fulani alikuwa mcheshi, au mwenye ulimi mkali, au mwema. Maneno aliyoyaimba hayaandikwi. Mwalimu Nyerere, alipoanzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Basi ikiwa tutahifadhi wasifu wa waimbaji wetu na kuziacha nyimbo zao zipotee, tutakuwa tumehifadhi kivuli.

Kwa hiyo twapendekeza jambo dogo linalowezekana. Walimu na wanafunzi wa skuli zetu waende kwa waimbaji wazee wangali hai, warekodi wimbo mzima, waandike maneno yake yote, wamtaje mtunzi anapojulikana, na waulize wimbo ulitungwa kwa tukio gani. Hayo yakishapatikana, ndipo waulize juu ya maisha ya mwimbaji, na waandike yale yanayouangaza wimbo.

Kuhusu Bi Kidude mwenyewe, bado hatujachelewa. Rikodi zake zipo. Tumtoe katika picha na kumrudisha mahali tulipomjua kwanza, yaani masikioni. Atakapotajwa tena barazani, na aanze mmoja wetu kwa kuuliza “Kijiti” ni wimbo wa nini, kisha ausikilizishe. Mazungumzo yatakayofuata yatakuwa marefu zaidi ya kicheko, na ndani yake Siti binti Saad naye atapata nafasi yake.