Modemu ya kebo pasipo na kebo

Ndugu aliye Brussels au Chicago akituma nyumbani kifaa chake cha zamani cha intaneti, huenda kinachofika ni modemu ya kebo yenye Wi-Fi. Rubaya, hapa Masisi, hakuna kebo ya kuchomeka. Mji huu hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, metali inayoingia kwenye vifaa vya elektroniki, lakini wenyeji wanaishi kwa mtandao wa simu. Kifaa hicho kisitupwe, maana nusu yake bado ina kazi.

Ndani ya kasha moja mna mashine mbili. Modemu husoma mawimbi ya waya wa televisheni kwa kanuni za DOCSIS, zilizotolewa Marekani mwaka 1997. Nairobi, kampuni ya Zuku imepitisha televisheni na intaneti kwa njia hiyo. Ruta, kwa upande wake, hugawa anwani kwa simu na kompyuta, na kurusha Wi-Fi. Rubaya tunaihitaji ruta peke yake.

Intaneti yenyewe itoke kwenye ruta ya laini ya simu, au dishi la Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ambayo mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipiga marufuku Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025.

Anza kwa kufuta mipangilio ya zamani: ingiza pini kwenye tundu dogo la nyuma, bonyeza mpaka taa zizime na kuwaka upya. Unganisha kompyuta kwa waya, fungua ukurasa wa mipangilio. Ikiwa ruta ya simu inatumia 192.168.1.1, kipe kifaa hiki 192.168.1.2, weka nenosiri refu la Wi-Fi lenye ulinzi wa WPA2, kisha uzime DHCP, yaani ugawaji wa anwani. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Vifaa viwili vikigawa anwani nyumba moja, simu huonyesha Wi-Fi imejaa lakini haifungui chochote. Sasa pitisha waya kutoka tundu la LAN la ruta ya simu hadi tundu la LAN la modemu. Tundu la kebo libaki tupu.

Angalia pia umeme. Adapta iliyoandikwa 120V tu itaungua kwenye jenereta ya volti 220. Inayofaa imeandikwa 100–240V. Kifaa cha volti 12 kinaweza kutumia betri ya sola, lakini betri inapochajiwa hupita volti 14, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti katikati.

Ukuta wa mbao hupitisha Wi-Fi, bati huizuia. Ruta ya simu ikae dirishani, modemu katikati ya nyumba.

Usinunue modemu ya kebo kwa pesa yako. Ukipewa bure, ijaribu. Ila kama kampuni iliyoitoa imefunga mipangilio na DHCP haizimiki, iache, nunua ruta ya kawaida.