Shaba Iliyofukiwa

Rubona, kando ya Gisenyi nchini Rwanda, yupo fundi wa makamo ambaye kazi yake bora haionekani. Akishafunga jenereta ya akiba ya zahanati au ya nyumba ya wageni, mwenye mali huona mashine inanguruma na taa zinawaka, basi. Erthi, yaani shaba inayounganisha mashine na ardhi, iko ardhini, na huko haina wa kuitazama.

Nilimwona siku moja akiunga waya wa erthi kwenye jenereta mpya. Kabla hajashika spana alichukua msasa, akaanza kukwangua rangi kwenye fremu ya mashine, mahali padogo pa upana wa sarafu. Mwenye nyumba akashtuka: "Mzee, mbona unaiharibu?" Fundi akamjibu bila kuinua kichwa kwamba rangi haipitishi umeme, na waya uliofungwa juu ya rangi ni pambo tu. Akasugua mpaka chuma kikawa cheupe, akapangusa, akaweka washa yenye meno, akakaza boliti, akatikisa waya kwa mkono, akakaza tena. Mwisho akapaka grisi kiungo chote ili unyevu wa Ziwa Kivu usikile. Kisha akahamia kwenye tangi la dizeli, kwenye bomba la maji na kwenye mlango wa chuma wa kibanda, akaviunga vyote kwenye kipande kimoja cha shaba ukutani. Yote hayo kwa muda ambao wengine wangekuwa wameshawasha mashine, wamelipwa na wameondoka.

Ninachomheshimia zaidi ni kwamba anajua kwa nini anafanya hivyo. Wengi hudhani fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini ndiyo mwokozi. Piga hesabu: waya wa moto wa volti 230 ukigusa fremu, na udongo ukawa na ukinzani wa omu 20, utapita umeme wa ampea 11 na nusu. Breka ya ampea 32 haikati kwa kiasi hicho. Fremu itabaki na umeme, ikimsubiri atakayeigusa. Umeme ulioponyoka hurudi ulikotoka, kwenye jenereta yenyewe, kwa hiyo panatakiwa waya mnene kutoka fremu hadi nyutro ya jenereta, yaani waya wake wa kurudishia umeme, ili upite umeme mwingi kwa ghafla na breka ikate papo hapo.

Na nyutro huungwa na erthi mahali pamoja tu. Kama chenjiova, swichi ya kuhamia kutoka umeme wa gridi hadi jenereta, haikati nyutro, ukiiunga kwenye jenereta na tena kwenye swichibodi kuu, umeme wa kila siku utagawanyika na kurudi kwa kupitia mabomba na fremu. Kama chenjiova inakata nyutro, na jenereta haikuungwa, hitilafu haina njia ya kurudi. Fundi wetu huifungua chenjiova kwanza na kuitazama ndani, hata kama mteja amemhakikishia.

Fimbo nayo ina kazi yake, hasa huku kwetu kwenye radi. Watafiti waliotumia takwimu za setilaiti walionyesha mwaka 2016 kwamba Kabare, ng'ambo ya Ziwa Kivu, hupata mimweko ya radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hakuna mahali pengine Afrika panapofikia hapo. Machi 2018 radi iliua waumini 16 ndani ya kanisa huko Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Tena ardhi yenyewe ni ngumu. Kuelekea Goma, ambako lava ya Nyiragongo ilimwagika 2002 na tena 2021, fimbo hugonga mwamba. Mafundi wa zamani walichimba mtaro, wakalaza shaba kwa urefu, wakaijazia makaa na chumvi, wakamwagia maji. Chumvi huoshwa na mvua na hula shaba, kwa hiyo walirudi kila kiangazi kupima.

Kurudi huko ndiko kunakokufa. Mwaka 2004, maziwa ya Burera na Ruhondo yaliposhuka na mitambo ya umeme wa maji ya Ntaruka na Mukungwa ikaishiwa nguvu, nchi ilikodi jenereta za dizeli, na fundi wa jenereta alikuwa mtu wa kutafutwa. Leo umeme haukatiki kama zamani, jenereta inakaa kimya miezi, na vijana wamekimbilia sola. Jenereta ndogo za petroli zinanunuliwa sokoni asubuhi na jioni zimechomekwa ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili, bila erthi wala chenjiova. Zinawaka vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Fundi ana daftari la omu za kila shimo alilochimba, masika na kiangazi. Kurasa za karibuni ni nyeupe. Hoteli moja ilipokarabati ua wake, shimo la erthi liliwekewa vigae juu, na sasa hawezi kulifikia. Vigae vile ni vya bei ghali. Mwenye hoteli huyohuyo alikuwa amekataa kulipia kupimwa kwa erthi, akisema ni gharama isiyo na sababu.